Uma, Panda na Foku: Lugha ya Kufunga Uma wa Baiskeli katika Karakana za Kisumu

1. Utangulizi

Kandokando ya Ziwa Viktoria chombo kimoja kina majina matatu. Mganda hukiita eggaali, Mjaluo hukiita ndiga, na msemaji wa Kiswahili hukiita baiskeli. Jina la Kiganda limetokana na gari, neno ambalo Kiswahili chenyewe kililipata kutoka lugha za Bara Hindi. Jina la Kiswahili limetoka Kiingereza, na lile la Kijaluo halifanani na lolote kati ya hayo mawili. Chombo ni kile kile: magurudumu mawili, fremu ya chuma, usukani na kiti. Lakini kila lugha imekipokea kwa njia yake.

Mara nyingi wanaisimu hutosheka na hatua hiyo ya kwanza, yaani kuuliza jina la chombo lilitoka wapi. Wakishalipata asili yake huliandika katika orodha ya maneno ya mkopo na kuendelea na jina jingine. Makala haya yanakusudia kwenda hatua moja mbele zaidi. Yanachukua kazi moja ndogo ya fundi, nayo ni kufunga uma wa mbele katika fremu ya baiskeli, na kuchunguza ni maneno gani yanayohitajika ili kazi hiyo ifanyike na ifundishwe. Hoja inayotetewa ni kwamba nomino za karakana zimekopwa kwa wingi, lakini maarifa ya kazi yamo zaidi katika vitenzi, na vitenzi hivyo karibu vyote ni vya Kiswahili. Kwa hiyo mwenye kuunda istilahi za ufundi kwa kuhesabu nomino peke yake huacha nje nusu iliyo bora ya lugha anayoishughulikia.

2. Kisumu na baiskeli

Reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa mwaka 1901, na kituo chake cha mwisho kikaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika. Tangu hapo mji huu umekuwa mahali pa kukutania. Bidhaa zilishushwa kutoka mabehewani na kupakiwa katika meli za ziwani, maduka ya wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi yalifunguliwa, na watu wa lugha mbalimbali walikuja kutafuta kazi. Kijaluo ndiyo lugha ya wengi katika mji na viunga vyake. Hata hivyo fundi anayehudumia Mluhya, Mkisii, Mnubi na Mhindi kwa siku moja hana budi kuwa na Kiswahili cha kazi.

Baiskeli iliyotawala barabara za eneo hili ni ile nzito yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fito za chuma, ambayo Wakenya waliibandika jina la Black Mamba. Mfano wake wa kale ni ule wa Raleigh ya Nottingham. Baadaye zikaja kwa wingi zile za India, kama vile Hero na Avon, na zile za China, kama vile Phoenix. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walianza kuitumia kuvusha watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na kutokana na neno la Kiingereza la mpaka likazaliwa jina boda boda. Biashara hiyo ilienea hadi Kisumu, ambako kwa miaka mingi abiria alikaa juu ya keria iliyowekewa mto, nyuma ya mwendeshaji.

Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwafanya wataalamu wa uchumi waangalie kwa heshima mpya kazi za mafundi wasio na majengo wala leseni. Wakenya wenyewe walikwisha kuwa na jina la ufundi huo wa kufanyiwa uwanjani: jua kali. Mwaka 1992 jina hilo liliingia hata katika anwani ya waraka rasmi wa serikali kuhusu biashara ndogo. Katika Kisumu mafundi wa aina hii hupatikana katika soko la Kibuye, Kondele, na chini ya miti kando ya barabara zote zitokazo mjini.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki ziliiondoa baiskeli katika sehemu kubwa ya kazi ya kubeba abiria. Baiskeli imebaki na mizigo: samaki kutoka ufukweni, maziwa, mitungi ya maji, magunia ya mkaa. Mafundi wengi nao wamehamia pikipiki. Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu, kwa sababu msamiati usioandikwa huhama pamoja na wenyewe, na usipopata pa kuhamia hupotea.

3. Kazi yenyewe

Kabla ya kujadili maneno yafaa kazi ielezwe, kwani istilahi isiyojua kazi yake haina mizani.

Uma wa mbele ni kiungo kinachoshika gurudumu na kuliunganisha na fremu. Una sehemu tatu. Juu kuna bomba lenye hesi, yaani mistari ya kuzungushia nati, ambalo hupita ndani ya bomba fupi la mbele la fremu. Katikati kuna mahali bomba hilo linapogawanyika. Chini kuna miguu miwili, iliyopindwa kidogo kuelekea mbele, ambayo hushika ekseli ya gurudumu. Uma hauchomelewi kwenye fremu. Sharti uzunguke, maana ndio unaofuata usukani. Lakini sharti usitikisike, maana ndio unaobeba mshtuko wa kila shimo la barabara. Kutimiza masharti hayo mawili kwa pamoja ndiyo kazi yote ya fundi.

Jambo la kwanza ni kulinganisha. Bomba la uma lazima lilipite bomba la fremu kwa urefu, na ziada hiyo itoshe vikombe vya beringi, washa na nati ya juu. Likiwa fupi, nati haitapata hesi za kutosha kushika. Likiwa refu, nati itaishia juu kabla ya kubana, na hapo fundi huongeza washa au hupunguza bomba kwa msumeno. Mwenye busara hakati kabla ya kupima vikombe vikiwa vimekaa mahali pake.

Jambo la pili ni hesi zenyewe. Uma nyingi za kipenyo cha inchi moja zina hesi 24 katika kila inchi, lakini baiskeli za Raleigh za zamani zilikuwa na hesi 26. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho la haraka. Nati ya hesi 24 huanza vizuri juu ya bomba la hesi 26, huzunguka mara chache, kisha hukwama. Fundi asiyejua huongeza nguvu ya spana, na hapo hesi za pande zote mbili hulika. Katika eneo ambalo fremu ya Uingereza huweza kukutana na uma wa India na nati iliyotolewa katika baiskeli ya tatu, hili ni kosa la kila siku.

Jambo la tatu ni vikombe. Kimoja hugongwa juu ya bomba la fremu na kingine chini, kwa nyundo na kipande cha mti, kidogo kidogo na kwa kuzunguka, ili kiingie sawa. Kikombe kilichoingia upande husababisha uma kuwa mzito katika pembe moja na mwepesi katika nyingine. Pete ambayo gololi za chini hutembea juu yake huwekwa kwenye uma wenyewe, chini kabisa ya bomba, bila kuacha uwazi wowote.

Jambo la nne ni grisi na gololi. Gololi za kawaida za sehemu hii ni za kipenyo cha sehemu 5 kati ya 32 za inchi, yaani karibu milimita 4. Hupangwa ndani ya grisi mpaka kikombe kikaribie kujaa, lakini huachwa nafasi ndogo ili zisisuguane kwa kubanana. Zikipungua mno, uzito wote huangukia chache zilizopo nazo huchimba kikombe.

Kisha uma huingizwa kutoka chini, kikombe cha juu chenye hesi huzungushwa kwa mkono mpaka kiguse gololi, washa hufuata, na nati ya kufungia huja mwisho. Hapa ndipo pana ujuzi. Nati ya mwisho inapokazwa husukuma kila kilicho chini yake, kwa hiyo kipimo kilichokuwa sawa kabla ya kukaza hakiwi sawa baada ya kukaza. Fundi hukaza, hujaribu, hulegeza, hurekebisha na kukaza tena. Majaribio ni mawili. Katika la kwanza hushika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma: mgongano ukisikika shingoni, uma unacheza. Katika la pili huinua mbele ya baiskeli na kuliacha gurudumu liyumbe upande huu na huu kwa uzito wake: likisita, uma umekwama. Kazi huisha pale majaribio yote mawili yanapofaulu kwa wakati mmoja.

Hatari ya kukosea si ndogo. Uma unaocheza hugonga vikombe mpaka vilegee katika fremu, na katika mteremko usukani huanza kutetemeka. Uma uliokwama humnyima mwendeshaji yale masahihisho madogo ya usukani ambayo kwayo baiskeli husimama wima. Aliyebeba abiria au gunia kwenye keria yuko katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa uzito wa nyuma hulipunguzia gurudumu la mbele mshiko wake.

4. Jina la chombo

Katika maelezo yaliyotangulia limetumika neno uma, nalo ndilo ambalo mtafsiri wa kwenye kamusi angeliteua kwanza. Lakini lina washindani wawili, na ushindani wao unafundisha mengi.

Uma ni neno la zamani kwa kifaa chenye ncha, na kwa watu wa leo ni kijiko cha meno cha mezani. Kulipeleka neno hilo kwenye baiskeli ni kufuata njia ile ile ambayo Kiingereza kilifuata, na maana hueleweka. Tatizo halimo katika maana, limo katika sarufi, na ni tatizo la aina mbili.

La kwanza ni wingi. Nomino za ngeli hii zenye mzizi mfupi hupokea ny- katika wingi: uzi, nyuzi, uso, nyuso, ufa, nyufa. Kwa kanuni hiyo wingi wa uma ni nyuma. Katika nyumba ya kulia chakula hakuna madhara. Katika baiskeli, ambapo kila kiungo hutambulishwa kwa kuwa cha mbele au cha nyuma, madhara ni dhahiri. Mwenye duka anayeandika kwamba ameleta nyuma za mbele kumi atamfanya msomaji asimame na kuanza upya. Ndiyo sababu wasemaji wengi huacha kanuni na kusema uma mbili, uma kumi.

La pili ni upatanisho. Kiambishi cha ngeli ya uma ni u-, na kiambishi cha nafsi ya pili umoja nacho ni u-. Fundi anapomwagiza mwanafunzi wake kuhusu uma, sentensi iliyo muhimu kuliko zote inakuwa: Kaza mpaka usicheze. Kwa sarufi sentensi hiyo ina maana mbili, na ile inayosikika kwanza ni kwamba mwanafunzi akaze mpaka aache mchezo. Muktadha utasaidia, lakini maelekezo ya kazi yenye hatari hayapaswi kuutegemea muktadha pale ambapo lugha ina njia nyingine.

Mshindani wa pili ni panda. Hili ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali kitu kimoja kinapogawanyika kuwa viwili. Njia ikigawanyika huwa njia panda, na mti ukigawanyika huwa na panda. Kwa umbo, neno hili linaifaa baiskeli kuliko uma, kwa sababu uma wa mezani una meno matatu au manne, na panda ina matawi mawili. Upatanisho wake ni wa i-, kwa hiyo sentensi ya fundi inakuwa Kaza mpaka isicheze, na utata unaondoka. Wingi wake haubadiliki. Hata hivyo lina kikwazo chake: panda ni kitenzi pia, na hakuna kitenzi kinachoambatana na baiskeli mara nyingi kuliko hicho. Panda ya baiskeli na panda baiskeli hutofautiana kwa silabi moja nyepesi, na katika kelele za sokoni silabi hiyo humezwa.

Mshindani wa tatu ni foku, neno la Kiingereza lililovishwa irabu ya Kiswahili. Wakulima wa Kenya wanalijua pia kwa sura nyingine katika jina la jembe lenye meno, ambalo Kiingereza na Kiswahili vimeunganishwa ndani yake. Foku limo katika ngeli ya i-/zi-. Wingi wake haugongani na neno lolote, na Kaza foku mpaka isicheze haina utata hata kidogo. Haidaiwi hapa kwamba mafundi walilikopa kwa sababu hizo. Walilikopa kwa sababu lilikuja pamoja na chombo, likitamkwa na mwenye duka na kuandikwa juu ya sanduku. Lakini neno likishaingia hubaki kwa sababu linafanya kazi, na hili linafanya kazi pale ambapo neno la kamusi linakwama.

Inafaa kukumbuka kwamba neno usukani nalo lilikuwa geni. Asili yake ni Kiarabu, na kazi yake ya kwanza katika Kiswahili ilikuwa kutaja ule ubao wa nyuma ya chombo cha majini unaokielekeza. Mabaharia wa pwani ndio waliolitumia kabla hapajawa na gari wala baiskeli. Leo linatajwa Kisumu, mamia ya kilomita kutoka bahari ya chumvi, kwa ajili ya fimbo ya chuma iliyo mbele ya baiskeli, na hakuna anayelihesabu kuwa si la Kiswahili. Muda na matumizi ndivyo vilivyolipa uraia.

5. Nomino za mkopo, vitenzi vya asili

Orodha ya nomino za fundi baiskeli hutoa picha ya lugha iliyovamiwa: fremu, foku, beringi, nati, bolti, washa, spana, grisi, breki, spoki, tairi, cheni, keria. Kijaluo kinapozipokea nomino hizo kutoka Kiswahili au moja kwa moja kutoka Kiingereza huzibadilisha tena kwa sauti zake. Kwa mfano, Kijaluo asilia hakina sauti sh wala z, na jambo hilo husikika katika Kiswahili cha baadhi ya wazee wa eneo hili. Mtu akiishia kwenye orodha hiyo atahitimisha kwamba Kiswahili hakina lugha ya ufundi.

Vitenzi vinatoa picha iliyo kinyume. Katika maelezo ya kazi yaliyotolewa katika sehemu ya tatu vimo linganisha, pima, kata, gonga, ingiza, panga, zungusha, kaza, legeza, shika, sukuma, inua, yumba, cheza, kwama, lika. Hakuna hata kimoja kilichokopwa kutoka Kiingereza. Hata pale ambapo dhana ya kutenda imekuja na chombo kigeni, mara nyingi Kiswahili huikopa kama nomino na kuifunga kwa kitenzi chake: tairi limepata pancha, dereva amepiga breki. Ni kweli kwamba vijana wa mjini huambatisha ku- kwenye vitenzi vya Kiingereza, na kuseti ni mfano unaosikika sana. Lakini mifano hiyo hukaa pembezoni mwa mfumo, na mfumo wenyewe haujatikisika.

Vitenzi hivi si majina matupu ya vitendo, vimepangika. Chukua mfano wa funga, fungua, kaza na legeza. Funga ina kinyume chake cha moja kwa moja, fungua, kwa kiambishi cha kutendua. Kaza haina kinyume cha namna hiyo, hakuna kazua. Kinyume chake ni legeza, na kulegeza si kufungua. Ni kupunguza mkazo huku kitu kikibaki kimefungwa. Kwa hiyo lugha inatenganisha mambo mawili ambayo kazi nayo inayatenganisha: kuwapo kwa kifungo, na kiasi cha kifungo. Fundi wa uma hushughulika na la pili. Nati imekwisha kufungwa. Swali ni imekazwa kiasi gani.

Tena lugha inatenganisha hali na tendo. Uma umelegea ni habari ya kilichotokea chenyewe, kwa barabara mbaya na siku nyingi. Uma umelegezwa ni habari ya mkono wa mtu. Mteja anayeleta baiskeli hutumia la kwanza, na fundi anayeeleza kazi yake hutumia la pili. Tofauti kati ya hayo ndiyo inayoonyesha ni nani wa kuulizwa gololi zikimwagika njiani.

Yapo pia matumizi ambayo kamusi huyataja kwa uchache kuliko yanavyostahili. Kucheza kwa mtoto ni mchezo. Kwa chombo ni kuwa na mwendo mdogo usiotakiwa kati ya viungo viwili. Kukaa kwa mtu ni kuketi. Kwa kikombe ni kufika mahali pake kikamilifu. Kulika ni hali ya kitu kilichopunguzwa na msuguano, kama hesi zilizobanwa vibaya. Beringi iliyokufa ni ile ambayo grisi haiwezi kuirudisha. Kila moja ya matumizi haya lina ufafanuzi wa kimakanika unaoweza kuandikwa kwa usahihi, na yote yalipatikana bila kamati.

Katika mfumo huu kipimo cha uma uliofungwa vizuri huelezwa kwa maneno mawili: isicheze, isikwame. Ni dhamiri tegemezi katika hali ya kukanusha, na ndani yake yamo majaribio yote mawili ya fundi. Mwanafunzi aliyeyashika maneno hayo anaweza kujisahihisha mwenyewe. Mwanafunzi aliyepewa nomino sanifu za vipande vyote vya beringi bila vitenzi hivyo anaweza kuvitaja vyote na asijue kazi imekwisha lini.

6. Faida kwa waundaji wa istilahi

Kiswahili kimekuwa na vyombo vya kukisanifisha tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930. Kamusi zake za mwaka 1939, kuanzishwa kwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 nchini Tanzania, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni hatua zinazojulikana. Nchini Kenya mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo mafunzo ya ufundi nchini humo huandikwa na kutahiniwa zaidi kwa Kiingereza. Kijana wa Kibuye anayefunga uma bila kosa hushindwa mtihani kwa lugha, na aliyeshinda mtihani huja Kibuye akajifunze upya kwa vitenzi ambavyo kitabu chake hakikuwa navyo.

Kutokana na mfano huu mapendekezo matatu yaweza kutolewa.

Kwanza, uteuzi wa istilahi uanze na kazi, si na orodha ya Kiingereza. Neno lijaribiwe ndani ya sentensi ambayo mwalimu atalazimika kuisema, kwa umoja na kwa wingi, kwa kukubali na kwa kukanusha. Uma linafaulu katika orodha na kupungukiwa katika sentensi. Jaribio hilo halichukui dakika mbili.

Pili, foku liingizwe katika kamusi kama kitomeo kamili, pamoja na uma, bila kuwekewa alama ya lugha ya mitaani. Uma litatosha katika maelezo ya jumla, na foku litumike katika maelekezo. Panda nalo lisitupwe, kwani kuna mahali panapolingoja. Sehemu ile ya katikati, ambapo bomba la juu hugawanyika kuwa miguu miwili, haina jina linalojulikana kwa wengi, na hakuna neno linaloieleza vyema zaidi. Foku yote ingekuwa basi na shina lake juu, panda yake katikati, na miguu yake chini. Shina na panda ni maneno ya mti. Yeyote aliyewahi kukata kijiti cha kutengenezea manati ataelewa bila kufundishwa.

Tatu, vitenzi vya karakana vikusanywe na kufafanuliwa kwa uzito ule ule wanaopewa nomino. Kitomeo cha cheza kisichotaja gololi na kikombe ni kitomeo pungufu. Kazi hiyo yataka watafiti wakae na mafundi wakati kazi ikifanyika, kwa sababu kitenzi hakiulizwi kwa kuonyeshwa picha. Chuo Kikuu cha Maseno kiko karibu na Kisumu, na uwanja wa utafiti uko wazi kila siku isipokuwa mvua inyeshe.

7. Hitimisho

Wazee wa ufundi wa baiskeli wanapungua, na wanafunzi wao wamegeukia pikipiki. Lakini pikipiki nayo ina uma unaozunguka ndani ya fremu juu ya beringi, na kanuni ya kuukaza ni ile ile. Aliyejifunza kwa baiskeli huja na maneno yake, na katika karakana mpya husikika bado kwamba kitu kinacheza au kimekwama. Nomino zimebadilika pamoja na chombo. Vitenzi vimehama bila kuhitaji kibali, na ndani yake yamehama maarifa. Mwanaisimu anayetaka kuviandika hana haja ya kusubiri chombo kipya kipewe majina. Na akae kando ya fundi na asikilize anachomwambia mwanafunzi wake wakati nati ya mwisho inapozungushwa.